Sawa kwa Lipi?

Tone la damu ya mtoto mchanga, likichukuliwa kisiginoni na kukaushwa kwenye kadi nene ya karatasi, huacha doa la rangi ya kutu lisilozidi upana wa sarafu. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015, madoa ya namna hiyo yaliyokusanywa kutoka kila pembe ya Uganda ili watoto wapimwe virusi vya UKIMWI yalirudiwa katika maabara jijini Kampala na kuulizwa swali la pili. Watoto 97,631 walipimwa himoglobini. Kipande cha doa kilikatwa, kikalowekwa, na maji yake mekundu yakawekwa juu ya jeli inayopitishwa umeme. Ndani ya jeli hiyo kila protini hutembea mpaka ifike mahali ambapo chaji zake chanya na hasi zinafutana, na hapo husimama. Himoglobini ya kawaida ina kituo chake na ya selimundu ina chake, na nafasi iliyo kati yao huonekana kwa macho matupu. Asilimia 13.3 ya watoto walikutwa wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kutenganisha vitu kwa umeme namna hii huitwa elektroforesisi, na ndiyo njia ambayo Linus Pauling na wenzake walitumia mwaka 1949 kuonyesha kwamba ugonjwa huo uko ndani ya molekuli. Mwaka huohuo Hermann Lehmann na A. B. Raper walichapisha taarifa yao kuhusu jinsi selimundu ilivyosambaa miongoni mwa makabila ya Uganda. Kwa hiyo Kampala imezoea kwa muda mrefu jambo ambalo wanafalsafa hulizungukia: vitu viwili ambavyo jicho linaviita kimoja, umeme unavikana. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Iliyobadilika ni moja tu, na mtoto anaugua maisha yake yote.

Kiswahili kina neno “sawa”, nalo hufanya kazi tatu kwa mshahara mmoja. Mbili na mbili ni sawa na nne, na hapo tunasema usawa wa hesabu. Jibu lako ni sawa, na hapo tunasema usahihi. Tukutane kesho saa nne, sawa. Hapo tunasema ridhaa, maana watu wawili wamekubaliana na kila mmoja amejifunga. Kando yake yapo maneno mengine mawili: “ileile”, kwa kitu ambacho hakikubadilika, na “kufanana”, kwa vitu viwili vyenye sura moja. Mgonjwa akifika kwenye duka la dawa pale Wandegeya, Kampala, akaambiwa “hiyo uliyoandikiwa haipo, lakini hii ni sawa tu”, haelezwi ni ipi kati ya kazi hizo tatu inayofanyika hapo. Kwa vidonge vingi haidhuru. Kwa dawa za protini inadhuru, na ndiyo maana nataka kulishika neno hilo mpaka liseme linalomaanisha. Hoja yangu ni kwamba “sawa” ya dawa ya protini ni ile ya tatu. Haimo ndani ya molekuli ikisubiri kuchunguliwa na chombo kikali zaidi. Ni ahadi inayotolewa na mtu kwa mtu, na kazi ya vyombo ni kuonyesha kama ahadi hiyo inaweza kutolewa bila uongo.

Tuanze na tofauti kati ya kidonge na protini. Lamivudini, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi, ina molekuli ndogo yenye tungamo la dalton 229 hivi. Kemia yake yote huandikwa kwenye nusu ya ukurasa. Kiwanda cha dawa cha Luzira, Kampala, kikitengeneza dawa kama hiyo, na kiwanda cha India kikaitengeneza kwa njia nyingine kabisa, molekuli itakayotoka ni ileile, na hakuna anayehitaji falsafa. Sasa chukua trastuzumabu, kingamwili inayotumiwa kutibu aina fulani ya saratani ya matiti. Asidi amino zake zinapita 1,300 na tungamo lake linakaribia dalton 148,000. Haipikwi kwa kemikali. Hukuzwa na seli hai zilizotokana na ovari ya hamsta, kwenye matangi ya chuma, na seli hizo huipachika sukari zake kwa namna inayotegemea chakula, joto na umri wa tangi. Mwenye kiwanda anaweza kuiamuru seli itengeneze mnyororo gani, lakini hawezi kuiamuru kila moja ivae sukari ipi. Ndiyo sababu wadhibiti wa dawa wa Ulaya walikataa kuziita nakala za dawa hizi jenerika, wakaziita bayosimila, yaani zenye kufanana, na ya kwanza ikapata kibali mwaka 2006. Neno lenyewe ni ungamo: halisemi ileile, halisemi hata sawa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaithibitisha bayosimila yake ya kwanza, likieleza kwamba dawa asilia hugharimu wastani wa dola 20,000 na kwamba hiyo mpya kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65. Kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago tangu 1967, swali la kufanana na kuwa sawa lina bei yake.

Wanaoamua kufanana huko huwaita mashahidi wawili, umeme na mizani ya molekuli. Sheria ya Musa haikukubali mtu ahukumiwe kwa ushahidi wa mmoja, na sheria ya Kiislamu nayo hudai wawili katika mambo mengi ya mikataba. Sababu ya kawaida inayotolewa ni kwamba mmoja anaweza kusema uongo. Ila ipo sababu ya ndani zaidi, nayo ni kwamba hata shahidi mkweli husimama upande mmoja wa tukio, na upande mwingine hauoni. Himoglobini inatufundisha hilo vizuri. Himoglobini C, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi, inatofautiana na ya kawaida kwa dalton moja tu katika 15,867 za mnyororo wa beta, kwa hiyo mizani ya molekuli inaweza kuipita bila kugeuka. Lakini chaji yake imebadilika mno, na kwenye jeli huachana na mwenzake waziwazi. Himoglobini D, inayopatikana zaidi Punjab, ina kisa kinyume: kwenye jeli ya kawaida ya alkali inasimama palepale penye ile ya selimundu, na umeme peke yake ungeapa kwamba ni moja, hali mizani inaona pengo la dalton 29. Umeme unaona chaji na haujali uzito, na mizani inaona uzito bila kujali chaji. Kila mmoja ni mkweli, na kila mmoja ni kipofu mahali mwenzake anapoona.

Kuwaleta mashahidi hawa mbele ya kadhi mmoja kulichukua muda. Arne Tiselius wa Uppsala alijenga mtambo wake wa elektroforesisi miaka ya 1930 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1981 Jorgenson na Lukacs walihamisha kazi hiyo kutoka kwenye jeli hadi ndani ya mrija wa kioo mwembamba, na mwaka 1987 kundi la Richard Smith huko Marekani liliunganisha mwisho wa mrija huo na spektrometa ya masi, ile mizani ya molekuli. Nautazama mrija huo kwa karibu kwa sababu una somo. Urefu wake ni kama mita moja, na tundu lake la ndani mara nyingi ni jembamba kuliko unywele. Kinachoingizwa ni nanolita chache za dawa, kisha ncha mbili za mrija huwekewa volti zinazofika 30,000, wakati soketi ya nyumbani Kampala ina 240. Protini zinaachana humo kama abiria wa basi moja wanaoshuka vituo tofauti, na kila inayofika mwisho hurushwa kuwa manyunyu yenye chaji, maji yanakauka hewani, na molekuli tupu inaingia kwenye ombwe kupimwa. Tatizo lililowasumbua mafundi ni chumvi. Shahidi wa kwanza huona vizuri zaidi akiwa ndani ya chumvi za fosfeti au borati, na chumvi hizohizo humpofusha wa pili. Suluhu ikawa ni vimiminika vinavyovukiza, kama asidi iliyomo kwenye siki, na kila shahidi akapoteza kidogo cha ukali wake ili mwenzake aweze kusema. Hata ukweli wa maabara hupatikana kwa kuridhiana.

Na waliposema pamoja, walisema nini? Walisema kwamba ile tuliyokuwa tukiiita dawa moja ni umati. Asparajini, mojawapo ya asidi amino, ina tabia ya kuchakaa polepole ikiwa ndani ya maji na kugeuka kuwa asidi ya aspati. Uzito unaongezeka kwa dalton moja kasoro kidogo. Kuudai mzani uone hilo kwenye kingamwili nzima ni sawa na kuudai, ukiwa umebeba magunia matatu ya posho ya kilo 50, useme kama gramu moja imezidi. Umeme unaona mara moja, kwa sababu chaji hasi moja imezaliwa. Oksijeni ikijibandika kwenye methionini, mambo yanageuka: dalton 16 zinaongezeka, chaji haiguswi, na mizani ndiyo inayotoa taarifa. Erithropoietini, dawa ya kuongeza damu wanayopewa wagonjwa wengi wa figo, ina sukari zinazochukua kama asilimia 40 ya uzito wake, na Farmakopea ya Ulaya huitambua kwa elektroforesisi ya mrija, ikitazama safu ya vilele kadhaa vilivyosimama pamoja. Kilele kimoja hakitoshi, kwa kuwa hakuna molekuli moja inayoitwa erithropoietini. Kuna jamaa nzima yenye jina hilo.

Mwanafalsafa Leibniz alishikilia kwamba hakuna vitu viwili duniani visivyotofautishika kabisa. Vikiwa havina tofauti yoyote, basi ni kimoja. Katika barua alizomwandikia Samuel Clarke miaka ya 1715 na 1716 anasimulia jinsi bwana mmoja, kwenye bustani ya Herrenhausen na mbele ya binti mfalme Sophie, alivyodhani atapata majani mawili yanayofanana kabisa, akazunguka bustani nzima bila kuyapata. Anaongeza kwamba matone mawili ya maji au ya maziwa, yakitazamwa kwa hadubini, yataonekana si mamoja. Yeye hakuwa na zaidi ya lenzi. Leo tuna mrija na mizani, na chupa moja ya kingamwili imekuwa bustani ya Herrenhausen: kila ukitazama zaidi, majani yanaachana zaidi. Hapa ndipo mtu wa sayansi anapokuja na pingamizi lake la kwanza, nalo ni zito. Anasema: usawa ni jambo la hakika na si la makubaliano, kama vyombo vya leo havitoshi, vya kesho vitatosha, na siku hiyo tutajua kama bayosimila ni dawa ileile au siyo. Naheshimu imani hiyo, ila ushahidi unakwenda kinyume chake. Vyombo vilivyoboreshwa havikuleta usawa karibu, vimezidisha tofauti. Isitoshe, zipo tofauti ambazo mashahidi wote wawili huzikosa wakisikilizwa juujuu. Insulini lispro ilitengenezwa kwa kubadilishana nafasi za asidi amino mbili zilizokaa jirani kwenye insulini ya binadamu. Asidi amino ni zilezile, uzito ni uleule, chaji ni ileile, lakini mwilini huanza kazi haraka zaidi. Ili kuitambua lazima uvunje mnyororo na kupima vipande. Na kwenye trastuzumabu yenyewe, asidi ya aspati iliyoko nafasi ya 102 ya mnyororo mzito inaweza kujikunja upya bila kuongeza wala kupunguza hata atomi moja, nguvu ya dawa ikaanguka vibaya kwa sababu iko pale inaposhikia seli ya saratani. Mizani ingesema hakuna kilichotokea.

Kuna ushahidi mwingine unaoumiza pingamizi hilo zaidi. Ili useme nakala ni ileile kama asilia, lazima asilia iwe ileile kama yenyewe. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya matoleo mbalimbali ya dawa asilia zilizonunuliwa sokoni kwa miaka kadhaa, rituksimabu ikiwemo, wakaonyesha kwamba sukari na chaji zake zilibadilika ghafla mahali fulani, jina na lebo vikabaki vilevile. Mwaka 2017 jambo la aina hiyo lilichapishwa kuhusu trastuzumabu asilia: matoleo yaliyokuwa na tarehe za kwisha za karibu Agosti 2018 na kuendelea yalikuwa yamehama katika sukari inayoathiri uwezo wa kuiita kinga ya mwili ije kuua seli. Mgonjwa aliyetibiwa kwa dawa ya kampuni ileile tangu mwanzo hadi mwisho huenda alipewa vitu viwili vinavyotofautiana kuliko asilia na nakala yake. Wadhibiti walijua kwamba michakato ya viwanda hubadilika na walikuwa na utaratibu wa kuyaruhusu mabadiliko yaliyo ndani ya mipaka. Sijui kama kuna mwanafalsafa aliyeuliza swali la meli ya Theseus, kama meli iliyobadilishwa mbao zote bado ni ileile, kwa ukali kama huo, mbao zikibadilishwa na mgonjwa yuko ndani akisafiri.

Buganda ina jibu la zamani kwa swali la aina hii, na nadhani ni jibu zuri kuliko yale ya Ulaya. Mtu akifariki, baada ya kilio huja siku ya kumaliza matanga, okwabya olumbe, na ukoo humsimika omusika, mrithi. Huvikwa nguo ya gome, hukabidhiwa mkuki, na tangu hapo watoto wa marehemu humwita baba, hata kama kwa damu ni ndugu yao au binamu yao. Hakuna aliyepo pale anayedhani kwamba mwili uliozikwa umerudi. Vilevile hakuna anayedhani kwamba ni maigizo. Kiongozi wa ukoo wa Nkima huitwa Mugema, na huyo wa leo ni Mugema kwa maana kamili, akijibu madai yaliyowekwa juu ya Mugema wa vizazi vingi vilivyopita. Kinachomfanya awe huyo ni mambo mawili: nasaba, ambayo hutajwa hadharani kwa kulanya, baba, babu, ukoo na muziro (mwiko) wake, na kukubali kubeba wajibu, pamoja na madeni. Dawa ya protini nayo iko hivyo. Bayosimila haifufui mwili wa asilia. Inasimikwa kwenye kiti chake, mbele ya mashahidi, kwa nasaba ya seli na mchakato inayoweza kutajwa hatua kwa hatua, na kwa mtu aliyetia saini kwamba madai yanayoikabili asilia yatamkabili yeye. Wanaokosoa mfano huu watasema ukoo unaweza kumsimika mtu asiyefaa. Ni kweli, na historia ya familia nyingi inathibitisha. Ndiyo maana ukoo hukaa kwanza na kumchunguza.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Kama usawa ni ahadi, basi wakubwa wakikubaliana imekwisha. Nguvu ndiyo inayoamua. Hapana. Ahadi inaweza kuwa ya uongo, na dunia ina njia ya kulipiza. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilichanganywa na kitu kingine chenye salfeti nyingi kilichofanana nayo. Vipimo rasmi vya wakati ule viliipitisha, kwa sababu kitu hicho nacho huzuia damu kuganda kiasi. Karatasi zote zilisema sawa. Huko Marekani makumi ya watu walikufa, na waliohusika na uchunguzi walipotoa njia za kuitambua Machi 2008, mojawapo ilikuwa elektroforesisi ya mrija: mgeni yule alikuwa na chaji nyingi kwa uzito wake, akajitenga. Makubaliano hayakumzuia kuua. Kisa cha erithropoietini kina uchungu wake pia. Mwaka 1998 toleo moja lililouzwa nje ya Marekani liliondolewa albumini iliyokuwa ikilihifadhi, ikawekwa polisobati. Protini haikukusudiwa kuguswa. Katika miaka iliyofuata idadi ya wagonjwa ambao kinga zao ziliishambulia dawa hiyo, na pamoja nayo erithropoietini ya miili yao wenyewe, iliongezeka, uboho ukaacha kutengeneza chembe nyekundu, wakabaki kuishi kwa kuongezewa damu. Sababu kamili ilibishaniwa kwa muda mrefu. Lisilobishaniwa ni kwamba “tumebadilisha kihifadhi tu” ilikuwa ahadi iliyozidi ushahidi. Kwa hiyo sikubali kwamba usawa ni wa kubuniwa. Unaahidiwa na watu, unavunjwa na vitu.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi Kampala, na lina haki ya kusikika. Linasema: mwanamke anayesubiri dawa hana nafasi ya Leibniz. Ukizidisha maswali unazidisha bei, na ukizidisha bei unaua kwa mikono safi. Ningelikubali kama ukweli ungekuwa hivyo. Lakini fikiria kilichokuwa kikifanya bayosimila kuwa ghali: majaribio makubwa ya kulinganisha kwa mamia ya wagonjwa, yanayochukua miaka. Kadiri mashahidi wa maabara walivyozidi kuaminika, ndivyo hitaji la majaribio hayo lilivyopungua. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilisema mwaka 2021 kwamba mara nyingi hayahitajiki, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliorekebishwa mwaka 2022 ukaelekea hukohuko. Kutazama kwa makini ndiko kunakoshusha bei. Asiyetazama ana njia mbili tu: kulipa gharama ya jina la asilia, au kubahatisha. Uganda imeonja kubahatisha: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba chanjo bandia za homa ya ini B (chanjo halisi nayo ni protini iliyokuzwa kwenye hamira) zilikuwa zikizunguka nchini.

Limebaki pingamizi la dini, na ningekuwa mvivu kulipita. Mji huu umejengwa juu ya vilima vya ibada, Namirembe, Rubaga, Kibuli, msikiti mkuu ukiwa Old Kampala, na Mulago ni kilima katikati yao. Muumini anaweza kuuliza: ponyo ni la Mungu, na dhati ya kila kitu anaijua Yeye, huku kuhesabu dalton si kiburi? Kwangu ni kinyume. Anayedai kwamba mashine imemwonyesha dhati ya dawa ndiye mwenye kiburi, na hoja yote hapo juu imekuwa dhidi yake. Anayesema “nimeshuhudia hiki na hiki, zaidi ya hapo sijui” amekaa mahali pa mja. Tena vitabu vyenyewe havidharau mizani: sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wanaopunja vipimo, na Mithali ina maneno makali juu ya mizani ya hila. Katika karne ya 12 huko Sham, al-Shayzari aliandika mwongozo wa msimamizi wa soko, akawatengea wauza dawa mlango wao, akieleza namna wanavyochanganya bidhaa na namna ya kuwagundua. Kupima dawa ya mgonjwa ni kutunza amana.

Hapo linaingia suala la taklidi, kumfuata mwingine bila kuuona ushahidi wake. Mgonjwa hana jinsi. Atamfuata daktari, daktari atamfuata mdhibiti. Wanazuoni wa misingi ya fikihi walimruhusu mtu wa kawaida afuate, lakini wengi wao walimkatalia hivyo mwenye uwezo wa kuchunguza: aliye na macho hana ruhusa ya kuyafumba. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, haiwezi kurudia kila kipimo cha kila kingamwili, na hakuna mamlaka duniani inayofanya hivyo. Inaweza kutegemea kazi ya Shirika la Afya Duniani, ya Ulaya, na kesho ya Wakala wa Dawa wa Afrika wenye makao Kigali. Kutegemea huko ni halali ikiwa anayetegemea anaweza kusoma ile michoro ya vilele, akaona kilichokosekana, akauliza. Asipoweza kusoma, muhuri wake ni mwangwi wa muhuri wa mwingine, na ahadi inabaki bila mtoaji wa hapa.

Kwa dawa za protini utaratibu unataka jina la kisayansi lisitoshe. Muuguzi anapaswa kuandika kwenye faili jina la kibiashara na namba ya toleo, herufi na tarakimu zilizochapwa kwa wino hafifu ubavuni mwa chupa, kabla chupa haijatupwa. Huko ndiko kulanya kwa dawa: tangi gani, seli gani, kiwanda gani, lini. Mgonjwa akivimba usiku huo au damu yake ikishuka miezi sita baadaye, mtu anaweza kurudi nyuma kutoka kitanda hadi kwenye mrija, na kumkuta aliyesema sawa. Saa saba mchana wodi ikiwa imejaa na kalamu haiandiki, sehemu ya faili inayoachwa wazi mara nyingi ni hiyo.